Maswali ya Wasomaji: Vijia vya vilimani na makorongo yake

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi ni watumishi wachache ambao hutembea kwenye vilima vya upande wa Luchelele siku za Jumamosi kwa ajili ya afya. Hakuna njia rasmi. Tunafuata vijia vya ng'ombe, ambavyo mvua zimevikata kwa makorongo. Baadhi yetu hupita ndani ya korongo kwa sababu ya kivuli, wengine hufungua kijia kipya pembeni. Lipi ni salama zaidi?
Msomaji wa Nyegezi, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, nawasihi muache yote mawili, mpite mgongoni mwa kilima, juu ya mwamba mtupu kila unapopatikana.

Miamba ya granaiti ya Mwanza inapochakaa hutoa udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Udongo huo haushikamani vizuri, na kwato na nyayo zinapoumaliza majani na kuushindilia, maji ya mvua hayapenyi tena bali hutiririka juu yake. Kijia kinachoshuka moja kwa moja kuelekea ziwani hugeuka mfereji, na mfereji huo huzidi kuchimbika kila masika hadi ukawa korongo. Mnapofungua kijia kingine pembeni, mnaanzisha korongo la pili katika shamba la mtu. Shukeni kimshazari, mkifuatana mmoja mmoja pale palipokwisha kukanyagwa.

Ndani ya korongo, maji yaliyonyesha juu kilimani yanaweza kuwafikia kabla tone moja halijawaangukia. Kuta nazo hubomoka hata wakati wa jua, kwa kuwa maji hula udongo wa chini na kuacha juu tabaka la nyasi linaloonekana imara. Mkiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, rudini nyuma mara moja, maana kipande hicho kimekwisha kuachana na kilima. Kama ni lazima kuvuka, tafuteni mahali penye kingo fupi zilizoshikwa na mizizi ya vichaka.

Changarawe iliyotawanyika juu ya mwamba laini huteleza kama punje za mahindi sakafuni; naihofia kuliko makorongo yenyewe, kwa sababu watu huidharau. Vaeni viatu vyenye soli ya meno.

Mgongo wa kilima haufai wakati wa radi. Mawingu yakianza kutanda, teremkeni mapema, wala msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Kabla ya kuondoka, mwelezeni mwenyekiti wa mtaa mnakopita na saa mnayotarajia kurudi, na ombeni ruhusa kwa wenye mashamba.