Devon: ukubwa wa nchi mbili, mkazi hata mmoja

Safari iliyopita niligusia kisiwa cha Devon, kilichoko kaskazini kabisa mwa Kanada, eneo la Nunavut, nikasema ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote duniani visivyo na wakazi. Maswali yamemiminika. Nayajibu kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mwalimu, shikamoo. Kikubwa kiasi gani? Kama Unguja?

Marahaba. Unguja ingepotea humo. Chukua Rwanda nzima, iunge na Burundi nzima: unapata kilomita za mraba 54,000 na ushee. Devon ina 55,000 na ushee.

Ni baridi tu inayowafukuza watu?

Baridi peke yake haitoshi. Kijiji cha Resolute kiko kisiwa jirani, na Grise Fiord iko kaskazini zaidi, na watu wanaishi. Devon ina balaa zaidi ya moja. Upande wa mashariki umelaliwa na barafu ambayo kilele chake kinakaribia mita 1,900. Magharibi ni kokoto za chokaa na upepo. Mvua na theluji ni haba kiasi kwamba wataalamu wanakiita kisiwa hiki jangwa. Na kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari jua halichomozi kabisa.

Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukaa huko?

Wamekaa, tena zaidi ya mara moja. Mababu wa Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, waliacha mabaki ya nyumba zao pwani ya kusini, Dundas Harbour. Mwaka 1924 Kanada ikafungua kituo cha polisi hapohapo. Si kwa ajili ya wezi (nani angeiba nini?), bali mataifa mengine yajue kisiwa kina mwenyewe. Polisi wawili walifia huko na makaburi yao bado yapo. Mwaka 1933 kituo kikafungwa.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mwaka 1934 kampuni ya Hudson's Bay, iliyokuwa ikinunua manyoya, ilipakia melini familia za Wainuiti kutoka Cape Dorset, Pangnirtung na Pond Inlet, na mbwa wao, kwa ridhaa ya serikali. Ikazishusha Dundas Harbour zitege mbweha. Ziliahidiwa kurudishwa kwao zisipopapenda. Kumbe barafu ya bahari ya pale haiaminiki: sleji za mbwa zilikwama, na mwindaji asiyeweza kusafiri hana mawindo. Mwaka 1936 zikaondolewa. Watu wa Pangnirtung walirudi kwao. Wale wa Cape Dorset wakapelekwa Arctic Bay, halafu Fort Ross. Kwa hiyo mtu akikwambia kisiwa hiki "hakina watu", muulize tangu lini.

Nimesikia Wamarekani wanafanyia huko mazoezi ya kwenda sayari ya Mirihi. Kweli au porojo?

Kweli. Mamilioni ya miaka iliyopita kimondo kilipiga Devon kikaacha shimo la Haughton, lenye upana wa kilomita 20 hivi. Kwa upana halipishani sana na Ngorongoro, ila Ngorongoro ni volkano iliyojiporomokea. Ni pakavu, baridi, hapana mti. Watafiti wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, walianza kwenda mwaka 1997, na mwaka 2000 shirika la Mars Society likajenga kituo karibu na ukingo wa shimo. Wanaokaa humo wakati wa zoezi hawatoki nje mpaka wavae mavazi mazito mfano wa yale ya wanaanga. Na lazima awepo mtu wa bunduki, kwa sababu ya dubu weupe. Hilo la dubu, Mirihi halipo.

Jina Devon limetokea wapi?

Uingereza. Msafara wa baharia William Parry, 1819 hadi 1820, ndio uliokiita North Devon, kwa jina la wilaya ya Devon ya huko Uingereza. Wainuiti wanakiita Tallurutit. Ukikitazama kutoka baharini, mistari inayoshuka kwenye majabali yake inafanana na tatuu walizokuwa wakichorwa wanawake wao kidevuni.