Honda ya marehemu baba inazima nikirudisha choki

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza nyumbani Honda CG125 ya marehemu baba, iliyolala stoo miaka mingi. Nikivuta choki inawaka, nikiirudisha inazima. Ninunue kabureta mpya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue! Kabureta ya asili ni mali, itunze. Petroli iliyokauka imeziba jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Choki hupunguza hewa, petroli kidogo inayopita ikatosha, ndiyo maana inawaka. Ifungue jeti hiyo, ioshe kwa petroli safi, ipulize kwa upepo. Usiichokonoe kwa waya, tundu litapanuka na pikipiki itakunywa mafuta. Angalia na kutu ndani ya tangi, la sivyo itaziba tena. Kisha, injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi ya valvu zote mbili, yaani uwazi kati ya valvu na mkono unaoisukuma: milimita 0.08. Wengi huzibana mno kukimbia kelele. Injini hii hugongagonga kidogo kwa asili yake, iache.