Jibu: Mshikio wa magongo unamuumiza mama kifundo cha mkono
Pole kwa mama, dada. Umeuliza kama kufunga sponji kwenye mshikio kutamsaidia mwenye baridi yabisi. Kutasaidia kiasi, lakini anza na urefu. Asimame wima amevaa viatu, mikono ining'inie: mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kikunjike nyuzi 15 hadi 30.

Halafu unenepeshe mshikio. Zungushia tyubu ya baiskeli, kwa mafundi wa hapa Tanga haikosekani, na uikaze isizunguke mkononi. Sponji laini mno hubonyea tu.

Kama hawezi kabisa kukandamiza kiganja, anahitaji magongo yenye kibao cha kulazia kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja), uzito usipite kwenye kifundo cha mkono. Hayo muone kwanza mtaalamu wa viungo pale hospitali ya Bombo, ndipo umpe fundi kazi.