Uzamili wa usalama wa kimataifa kwa mtandao: hesabu saa kabla ya kuhesabu ada

Mleta mada ameuliza hivi: ana shahada ya kwanza ya sheria, anafanya kazi ya forodha bandarini Tanga, na anataka kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa kimataifa kwa mtandao bila kuacha kazi. Je, inawezekana, ugumu uko wapi, na itamfikisha wapi? Mkuu, masomo haya nimeyapitia na nimesoma maombi na rasimu za wengine wengi, kwa hiyo naomba uvumilie urefu.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Kiswahili kinatupa neno moja, usalama, na sisi tunalibebesha kila kitu: kofia ngumu kiwandani, mlinzi wa getini, Usalama wa Taifa, na vita vya Kivu. Shahada hii inahusu hilo la mwisho na ndugu zake: vita na amani, ugaidi, silaha, wakimbizi, usalama wa baharini, mashambulizi ya mitandaoni, chakula na tabianchi. Haifundishi upelelezi wala kupanga walinzi wa mgodi. Anayetaka kusimamia ulinzi wa hoteli au kampuni atafaidika zaidi na vyeti vya kitaaluma kama CPP cha ASIS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ulinzi.

Kozi za mwanzo ni nadharia, na waliotoka kwenye sheria au uhasibu hushtuka. Utaulizwa nani ana mamlaka ya kulitangaza jambo kuwa tishio, na tangazo hilo linamruhusu afanye nini ambacho jana kilikuwa mwiko. Hilo ndilo swali la msomi Barry Buzan na wenzake, wanaoitwa kundi la Copenhagen. Utasoma ripoti ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyohamisha macho kutoka kwenye mipaka ya nchi hadi kwa binadamu mwenyewe na kutaja maeneo 7: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu binafsi, jamii na siasa. Kisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, hasa Sura ya 6, 7 na 8 pamoja na Ibara ya 51, na Ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, inayoupa Umoja haki ya kuingilia kati nchi mwanachama kukiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Kwenye sheria utakuwa mbele ya wenzako. Kwenye nadharia utakuwa nyuma, kwa hiyo anza kuisoma miezi 2 kabla ya muhula.

Sasa saa. Uingereza uzamili ni krediti 180, na krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Ukisoma kwa miaka 2 ukatoa likizo na wiki za ugonjwa, unabaki na saa 18 hadi 20 kila wiki. Marekani ni krediti 30 au zaidi kidogo, na krediti 1 ni kama saa 45, yaani saa 1,350 kwa uchache. Lakini angalia zilivyopangwa. Arizona State University, kwa mfano, ina shahada ya usalama wa kimataifa kwa mtandao, na kozi zake huenda kwa wiki 7.5. Kozi ya krediti 3 ni saa 135. Zigawe kwa 7.5, unapata saa 18 kwa wiki kwa kozi moja tu. Ukichukua mbili kwa pamoja huku unakwenda kazini, umejitafutia ajira ya pili. Kabla ya kulipa chochote, chukua wiki 3 za kawaida, tenga hizo saa 18 kwenye ratiba yako na usome kweli. Ukishindwa kuzipata sasa, hautazipata baada ya kulipa.

Saa za ukutani nazo zina mitego. Phoenix, huko Arizona, haibadilishi saa mwaka mzima na iko nyuma yetu kwa saa 10, kwa hiyo kazi inayotakiwa Jumapili dakika moja kabla ya usiku wa manane huko, kwetu mwisho wake ni Jumatatu saa 3:59 asubuhi. Usiitumie asubuhi hiyo. Ndiyo saa ya foleni ofisini na umeme kucheza. Uingereza tofauti ni saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto, na saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kazi ya saa 6 mchana London inaweza kuwa saa 9 alasiri kwetu Februari, kisha saa 8 mchana Mei. Kila mwaka kuna mtu anayekatwa alama kwa saa hiyo moja.

Bando: mkutano wa video wenye kamera huweza kula GB 1 au zaidi kwa saa. Zima kamera, na ikiwezekana sikiliza sauti tu. Makala zipakue usiku kwa mkupuo, uzisome bila mtandao. Vyuo vingi havikubali kukatika kwa umeme au kuharibika kwa kompyuta kuwa sababu ya kuchelewa, na hata panapokubaliwa, ombi la kuongezewa muda hutakiwa kabla ya muda kupita. Weka tarehe yako mwenyewe saa 48 kabla ya ile ya chuo.

Kuhusu kuchagua chuo, nitakuwa mkali kidogo. Kwa Uingereza, hakikisha chuo kiko kwenye orodha ya serikali ya taasisi zenye mamlaka ya kutoa shahada. Kwa Marekani, angalia kwenye hifadhidata ya ithibati ya Wizara ya Elimu, au ya CHEA, baraza linalosimamia ithibati ya vyuo huko. Soma pia ni nani atakayetia sahihi cheti, maana zipo programu zinazouzwa na kampuni moja huku shahada ikitolewa na taasisi nyingine kabisa. Halafu geukia nyumbani: andika barua pepe kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ukitaja chuo, jina kamili la shahada na kwamba unasoma kwa mtandao, uulize kama itatambuliwa, na majibu uyahifadhi. Walioko Kenya waulize CUE, Uganda NCHE. Jibu la mdomo la wakala wa chuo halitakusaidia siku ya kupandishwa cheo. Ukianza masomo, hifadhi maelezo ya kila kozi, kwa sababu baada ya miaka 3 kurasa hizo huwa zimefutwa na wewe ndiye utakayeulizwa ulisoma nini.

Kwenye maombi, kinachochelewesha ni hati ya matokeo kutoka chuo chako cha zamani. Iombe sasa. Omba na barua inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo huikubali badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na hapo umeokoa fedha nyingi. Barua ya nia isizidi ukurasa mmoja na nusu, na isianze na amani ya dunia. Ianze na tatizo uliloliona kwenye meza yako ya forodha.

Ufadhili: Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, hailipii masomo ya masafa, kwa hiyo usipoteze muda huko. Kuna Ufadhili wa Masomo ya Masafa wa Jumuiya ya Madola, unaotolewa na Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza, na nchi zetu za Afrika Mashariki zilizo kwenye Jumuiya hiyo zimo. Lakini ni kwa programu zilizo kwenye orodha yao ya mwaka husika tu, kwa hiyo anza na orodha, kisha ndipo uchague chuo. Ukilipa mwenyewe kupitia benki, chagua OUR (makato yote unalipa wewe) kwenye fomu ya kutuma fedha nje, siyo SHA (makato mnagawana na mpokeaji). Ukichagua SHA, benki za katikati zinakata makato yao njiani, ada inafika ikiwa pungufu kwa dola kadhaa, na mfumo wa chuo unakufungia usajili kwa deni ambalo hata hulijui. Tuma siku 10 kabla, na namba yako ya mwanafunzi iandikwe kwenye sehemu ya maelezo.

Darasani kwenyewe, hii ni shahada ya kuandika. Kwa Wamarekani mara nyingi kila wiki kuna chapisho la maneno 300 hivi katikati ya wiki, na majibu kwa wenzako 2 kabla ya Jumapili. Kwa Waingereza ni insha ndefu chache. Kosa letu kubwa tunalijua: tumefunzwa kueleza, hatukufunzwa kubisha. Mwanafunzi anaandika kurasa 8 za historia ya Al-Shabaab, kila tarehe iko sahihi, anapata 52 na kuona ameonewa. Hakuonewa. Swali lilikuwa kwa nini kundi lile lilidumu baada ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, kuingia Somalia 2007, na yeye hakujibu. Aya ya kwanza itoe jibu lako. Kila aya inayofuata ibebe sababu moja, ushahidi wake, na pingamizi la mtu mwenye akili asiyekubaliana nawe. Na kwa wasiozoea alama za Uingereza: 50 ni kufaulu, 60 ni vizuri, 70 ni bora kabisa. Ukipata 64 usilie.

Marejeo yawekee mpango siku ya kwanza. Zotero ni programu ya bure. Kila unachosoma kiingize humo hapo hapo, na ukinakili sentensi iwekee alama za kunukuu hata kwenye daftari lako. Kesi nyingi za wizi wa kitaaluma huanzia kwenye daftari: mtu anaikuta sentensi baada ya wiki 5 na kudhani ni yake.

Takwimu pia zinadanganya asiyezisoma maelezo. UCDP, mradi wa takwimu za migogoro wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, huhesabu mgogoro wa silaha unaohusisha dola kuanzia vifo 25 vya mapigano kwa mwaka. ACLED, hifadhidata nyingine ya migogoro, huorodhesha matukio, hata maandamano ambayo hakuna aliyekufa. Ukichukua mwaka mmoja huku na mwaka mwingine kule, utapata ongezeko ambalo halikutokea.

Tasnifu ndiyo inayowaangusha waliofika mbali, na kwako wewe, mwanasheria wa bandarini, naiona njia nzuri. Chukua uharamia wa Somalia. Wengi wataandika “athari za uharamia kwa uchumi wa Afrika Mashariki”, na hawatamaliza, kwa sababu swali halina ukuta. Wewe shika Mombasa. Machi 2009 Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kuwapokea na kuwashtaki washukiwa waliokamatwa na meli za kivita. Novemba 2010 Mahakama Kuu ikasema haina mamlaka juu ya makosa ya bahari kuu. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo. Swali lako: katika miaka hiyo 2, nchi zenye meli za kivita zilibadilisha vipi maamuzi yao kuhusu mahali pa kupeleka washukiwa? Lina mwanzo, lina mwisho, na nyaraka zake ni za wazi: hukumu ziko kwenye tovuti ya Kenya Law bila malipo, na ripoti za Katibu Mkuu kwa Baraza la Usalama ziko kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Chunga fasili tu. Kwa Ibara ya 101 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari, uharamia ni wa nje ya maji ya nchi. Ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani kosa hilo hilo ni unyang'anyi, na ndiyo maana azimio 1816 la Baraza la Usalama la Juni 2008 lilihitajika ili meli za kigeni ziingie maji ya Somalia. Ripoti za IMB, ofisi ya kimataifa inayofuatilia uharamia, huweka vyote viwili pamoja, kwa hiyo usizichukue namba zake kama zilivyo.

Usichague mada inayohitaji siri. Idara za usalama hazitakupa chochote, na ukikipata utakuwa na tatizo kubwa zaidi: Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, Kenya ina Sheria ya Siri Rasmi. Nyaraka za forodha unazoziona kazini si data yako, hata kama nywila ni yako. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi au ziache. Ukitaka kuhoji watu, kwanza kamati ya maadili ya chuo, kisha kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya ni NACOSTI. Vibali hivyo hula miezi, na ndiyo sababu kubwa ninayoona ya watu kuomba kuahirisha. Na usipakue propaganda za makundi ya kigaidi kwa udadisi. Kama mada inazihitaji, msimamizi ajue, ikubaliwe kwa maandishi, na tumia maktaba za kitafiti badala ya kuzisaka mwenyewe.

Kazi baada ya hapo: shahada hii haimpi mtu ajira ya usalama peke yake. Nafasi za kitaalamu za Umoja wa Mataifa za ngazi ya P-2 kwa kawaida huomba uzamili na miaka 2 ya uzoefu, P-3 miaka 5, na uzoefu huo ni wa kazi inayohusiana na nafasi yenyewe. Miaka yako ya forodha inahesabika kwenye udhibiti wa mizigo, magendo, vikwazo vya silaha na usalama wa bahari. Haihesabiki kwenye usuluhishi wa migogoro. Kwa hiyo kozi za hiari zichague upande huo huo, na wasifu wako uanze kuusahihisha muhula wa pili: andika aina za mizigo uliyokagua, sheria ulizotumia na taarifa ulizoandika, mwaka kwa mwaka, ukiwa bado unazikumbuka.