Fundi Anajibu: Sakafu ya karakana ya kuchomelea

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Chuno, hapa Mtwara mjini. Nimejenga banda la tofali uani, mita 4 kwa 5, nichomelee mageti, grili na vitanda vya chuma. Chini bado ni mchanga. Dukani wamenishauri rangi ya epoksi, wanasema inang'aa na haishiki vumbi. Mke wangu anataka tutumie marumaru zilizobaki tulipojenga nyumba. Mwashi wangu yeye anasema tumwage jamvi la zege la inchi 2, halafu apige niru, ule utando laini wa saruji juu yake. Nifuate la nani?
Msomaji, Chuno

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyekaribia ni mwashi, ila inchi 2 ni chache na hiyo niru haikufai. Karakana ya kuchomelea inataka zege tupu, nene, lililosuguliwa lenyewe likiwa bichi, bila kitu kingine juu yake.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Tone likidondoka kwenye zege kavu linabiringika, linapoa, linabaki kipunje cheusi unachokizoa kwa ufagio. Likidondoka kwenye epoksi, rangi inaanza kulainika hata kabla ya nyuzi 100. Tone linazama, linaacha shimo jeusi lenye ukingo uliovimba, na moshi wake unaupokea wewe uliyeinama hapo hapo juu. Miezi michache ya kazi, fedha yako yote ya rangi imegeuka madoadoa. Kapeti ya plastiki ndiyo usiilete kabisa: ikiungua hutoa hewa yenye tindikali inayochoma koo na mapafu.

Marumaru haziungui, mama yuko sahihi kwa hilo. Lakini bomba la inchi 2 likikuponyoka, marumaru inapasuka, na unga wa grainda ukitanda juu yake panateleza, nawe umebeba fremu ya geti. Mziweke barazani wateja wanapokaa.

Sasa zege lenyewe, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoharibu. Weka sentimita 10, yaani inchi 4. Kwa banda lako hizo ni kama mita 2 za ujazo, na ukichanganya saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, utahitaji mifuko 15 hivi ya kilo 50. Saruji haiwasumbui, kiwanda cha Dangote kiko huko huko Mtwara. Ninachokuomba ni mchanga. Usikubali wa ufukweni, hata ukiletewa kwa bei ya kutupa. Chumvi yake inakula nondo na inavuta unyevu miaka yote. Tafuta mchanga wa mto au wa shimo. Kokoto za matumbawe nazo ziache, zina vitundu vinavyonywa maji.

Unyevu naushikilia kwa sababu ndio unaopasua sakafu za wachomeleaji. Ukikata chuma kwa gesi na ulimi wa moto ukapiga zege lenye maji ndani, yale maji yanageuka mvuke, yanakosa pa kutokea, na uso wa zege unaruka vipande kama bisi. Kipande cha moto cha ukubwa wa kucha kinatosha kukuharibia jicho. Kwa hiyo shindilia kifusi, tandika nailoni nzito, ndipo umwage zege. Inua sakafu sentimita 15 juu ya uwanja na uipe mteremko wa sentimita 1 kila mita kuelekea mlangoni. Mvua za kwetu Kusini zikishika kuanzia Desemba, uani kote ni maji. Na pale utakapokuwa unakatia kwa gesi, laza bamba la chuma la milimita 6 juu ya matofali. Moto haupaswi kugusa zege moja kwa moja.

Kwenye kusugua, simama na mwashi wako. Likishamwagwa na kusawazishwa kwa rula, zege hutoa maji juu, linang'aa. Ataona uvivu kusubiri, atachukua saruji kavu anyunyizie ili likauke haraka. Mkataze. Saruji hiyo inafanya ngozi nyembamba isiyoshikana na zege la chini, na nyundo ikianguka inabanduka. Niru inayopigwa kesho yake ina ugonjwa huo huo. Subirini mng'ao wa maji uishe wenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama ndogo bila kuzama, anza na mwiko wa mbao, kisha wa chuma, mara mbili. Usiufanye uso uwe kioo. Mguu unahitaji kushika.

Kata mistari miwili ya msalaba, kina chake sentimita 2 na nusu, ili zege likitaka kupasuka lifuate mstari. Halafu lifunike. Magunia ya korosho huko hayakosekani. Yaloweshe, yatandaze, yabaki na maji siku 7 usiku na mchana. Usichomelee humo kabla ya siku 28, maana maji ya ndani bado hayajatoka.

Vumbi unaloliogopa ni la zege lililopungukiwa saruji au lililokosa maji lilipokuwa linakaza. Likifanywa vizuri, ni dogo. Ukiona bado linakusumbua, kuna dawa ya maji ya silikati inayonywewa na zege na kulikaza kwa ndani. Haiachi utando juu, kwa hiyo hakuna cha kuungua.

Mawili ya mwisho. Cheche huruka hata mita 10, na zinabiringika chini ya mlango. Mkiweka korosho nyumbani wakati wa msimu, magunia yasikae banda hilo wala upande wa pili wa mlango wake, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanashika moto vibaya. Na zege likilowa linapitisha umeme. Siku ya mvua usichomelee umesimama kwenye sakafu iliyolowa: vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira, simama juu ya kichanja kikavu cha mbao, na ukikiona kimeanza kuungua ubao mmoja, ubadilishe siku hiyo hiyo.