Matumaini ya paroko kwa mwaka mpya huanzia kwenye kitabu cha marehemu

Kila tarehe 31 Desemba, waamini wakishaondoka baada ya Misa ya jioni na Te Deum, wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mwaka unaoisha, naingia ofisini na kutoa vitabu vitatu kabatini: cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe navyo na ivitunze vizuri. Kwa miaka mingi niliviona kuwa ni kazi ya ofisi tu. Nilihesabu mistari ya mwaka, nikajaza takwimu za jimbo, kisha nikageukia karatasi yangu ya malengo: paa la kanisa, vipaza sauti, kwaya iongezeke watu wangapi.

Mwaka mmoja nilikuwa nashuka na kidole kwenye kitabu cha marehemu nikafika kwenye jina la mama mmoja. Mwandiko ulikuwa wangu. Safu ya sakramenti za mwisho ilikuwa tupu. Nikajaribu kuukumbuka uso wake, haukuja. Nilimzika mimi mwenyewe, na haikuwa imepita hata miezi sita. Siku chache baadaye nilimtafuta binti yake, nikamwuliza mama aliugua kwa muda gani.

"Karibu mwaka mzima, Baba. Tuliona una shughuli nyingi, hatukutaka kukusumbua."

Nilirudi na maneno hayo hadi nyumbani, na sijayaweka chini mpaka leo. Shughuli zenyewe nazijua: vikao vya ujenzi, vikao vya fedha, vikao vya kupanga vikao vingine. Mama yule alikuwa kitandani muda wote huo, na kanisa lake lilikuwa linajadili rangi ya kuta.

Ndiyo maana tumaini langu la kwanza kwa kila mwaka ni kwamba nitaitwa. Kama una mgonjwa nyumbani, nakusihi, mwite padri mapema. Watu wengi bado wanauogopa Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, wanadhani padri akionekana na mafuta basi mgonjwa ameshahukumiwa kufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikwisha kueleza mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika pumzi za mwisho. Mtu akianza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, wakati wake umeshafika. Na ugonjwa ukizidi, anaweza kupakwa tena.

Nimeona tofauti yenyewe kando ya vitanda vingi. Mgonjwa anayepakwa akiwa na fahamu anaungama, anaitikia "Amina" kwa sauti yake, anapokea Komunyo, na wakati mwingine anamshika mkewe mkono na kumwambia jambo lililokaa miaka ishirini bila kusemwa. Asiyejitambua tunamsalia, na Mungu hashindwi kumfikia, lakini maneno yake mwenyewe ameondoka nayo. Marehemu hapakwi kabisa. Nimewahi kufika mlangoni na chupa ya mafuta mkononi, kilio kikiwa kimeshaanza ndani. Tulisali, tukamkabidhi kwa Mungu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza simu ambayo ingepigwa wiki moja kabla.

Kwa mapadri wenzangu, hasa mliokabidhiwa parokia kwa mara ya kwanza: wekeni karatasi ya malengo pembeni, anzeni na daftari la majina. Langu lina wagonjwa, wazee wasiotoka tena, wafiwa wa mwaka uliopita, na wanandoa niliowafungisha ndoa nikawasahau. Mbele ya kila jina naandika tarehe niliyokwenda. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awajue waamini wake na azitembelee familia, na kusema kweli sijaona kikao chochote kinachoweza kuifanya kazi hiyo kwa niaba yetu. Ukienda, kaa kitini. Zima simu. Na usiende na habari za michango. Niliwahi kutaja ujenzi mbele ya mzee mgonjwa, katika mazungumzo tu, akaanza kupapasa chini ya mto akitafuta hela za kunipa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daftari hilo linanisaidia pia altareni. Kila Dominika paroko anawajibika kutolea Misa kwa ajili ya watu wake, ndivyo inavyosema kanuni ya 534. Zamani nilikuwa nawaombea "waamini wote" kwa mkupuo. Siku hizi nasoma ukurasa mmoja wa majina sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya Misa, kabla ya kuvaa, na sala yangu imepata nyuso.

Maungamo nayo: kaa kitini nusu saa kabla ya Misa, taa ikiwaka, siku zilezile, hata asipokuja mtu. Majuma ya mwanzo nilikaa na rozari yangu peke yangu. Mtu anayebeba mzigo mzito huzunguka mara nyingi kabla ya kusogea, na anapaswa akukute.

Nanyi waamini, paroko hajui asichoambiwa. Mwaka huu mletee jina moja tu: jirani aliyeacha kuja kanisani, kijana aliyefiwa, bibi anayeishi peke yake. Usiseme "Padri atasikia kwa wengine." Wengine nao wanasema hivyohivyo.

Tarehe 1 Januari, Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, somo la kwanza ni baraka ambayo Mungu alimfundisha Musa ampe Haruni na wanawe, waitumie kuwabariki Waisraeli. Taifa zima limesimama pale, lakini baraka haisemi "awabariki, awalinde". Inasema "akubariki, akulinde", kama anayetazamwa ni mtu mmoja. Nimeisoma miaka mingi kabla ya kulisikia hilo.

Daftari jipya liko mezani. Mstari wa kwanza umeshajaa, mtu mmoja alinisubiri nje ya sakristia baada ya Te Deum akanitajia jina la kaka yake. Kesho, Misa ya asubuhi ikiisha, naenda.