Seti ya dai kwa anayeanza kujaza risasi za .308

Marahaba mdogo wangu. Umesema unahama Dar kwenda kwa mjomba wako Texas, naye anajaza mwenyewe risasi zake za kuwindia, .308 Winchester, na anataka uje na dai zako (die, yaani kalibu za chuma za kuyapa maganda umbo na kukalisha vichwa vya risasi). Ununue zipi?

Chukua seti ya dai mbili. Ya kwanza inarudisha ganda zima lililokwisha kufyatuliwa kwenye kipimo chake na kusukuma nje kiwashio kilichotumika, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Ya pili inakalisha kichwa cha risasi. Ile ya kubana shingo ya ganda peke yake achana nayo kwa sasa, maana ganda lake linafaa bunduki ileile iliyolifyatua, na wewe utaokota maganda ya bunduki tofauti. Chapa isikuumize kichwa: Lee, RCBS na Hornady wote wana dai za nyuzi za skrubu za inchi 7/8, zinazoingia presi nyingi, zile mashine za mkono za kusukumia ganda ndani ya dai. Kishikio cha ganda, kinacholishika kitako kwenye presi, uliza kama kimo ndani ya boksi.

Kinachowaponza wageni ni mafuta ya kulainisha ganda. Nilipokuwa huko nilisukuma ganda kavu, likanasa ndani ya dai. Tulilitoboa kitako kwa drili, tukakata nyuzi za skrubu kwenye tundu, tukalivuta kwa bolti. Jioni nzima ikaishia hapo. Pakaa mafuta maalum kwa ncha za vidole, membamba kabisa, kwani yakizidi bega la ganda linabonyea. Kisha uyafute.

Ukirudi Bongo, vifaa viache kwa mjomba. Huku kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.